Damu Iliyorudi Ndani ya Seng'enge

Binti yangu wa tatu alizaliwa kwa kisu. Uchungu ulinishika tukiwa machungani, na nilipofikishwa hospitali ya Garissa juu ya lori la mifugo nilikuwa sijitambui. Nilipozinduka, mume wangu alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda.

"Kizazi kilichanika," aliniambia. "Wamekishona, na wamekufunga usizae tena. Mimba nyingine itakuua."

"Wamefunga nini?"

Akatazama mikono yake. "Wamekufunga tu. Waliniuliza mimi, nikakubali. Lakini mama yangu asijue."

Sikumkasirikia. Alikuwa ametaka nibaki hai. Lakini nilibaki na neno lile, kufungwa, bila kujua maana yake. Nilidhani nimezibwa kama kiriba kinavyofungwa mdomo, na kwamba damu ya mwezi sitaiona tena maishani.

Mtoto hajaanza kutambaa, serikali ikatuamuru tutoke machungani. Vita vya shifta, waasi wa porini, vilikuwa vimepamba moto, na kila aliyekuwa porini alihesabiwa adui. Tulikusanywa kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa seng'enge, lango moja, askari juu ya mnara. Ngamia wetu wengi walichukuliwa, wengine wakapigwa risasi mbele ya macho yetu. Mume wangu aliruhusiwa kuchunga mbuzi waliobaki mchana, akirudi kabla ya jua kuzama. Sisi wanawake tulikaa ndani. Vibanda vilibanana kiasi kwamba nikikohoa, jirani aliniombea afya.

Mahali kama hapo mwanamke hana siri. Tuliswali pamoja kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya vibanda, na asiyesimama kwenye safu, kila mtu alijua kwa nini.

Basi asubuhi moja nikaona damu. Nilijua mshono umefumuka, nikangoja kufa. Niliketi na mtoto kifuani wakati wenzangu wakiswali. Mama mkwe alipomaliza akaja moja kwa moja, uso umemng'aa.

"Siku zako zimerudi?"

"Zimerudi, hooyo," nikasema, maana siri ya mshono sikuweza kumwambia mama huyu.

"Alhamdulillahi! Mwili umepona. Safari hii Mungu atupe mvulana."

Kwake mume wangu alikuwa mtoto wa kiume pekee aliyebaki, na mimi nilikuwa nimezaa wasichana watupu. Kuanzia hapo alizingoja siku zangu kuliko mimi mwenyewe. Zilipokuja aliguna, zilipochelewa kidogo alinisogezea maziwa yake. Nami sikuwa na pa kwenda. Mbele yangu seng'enge, nyuma yangu macho ya yule mama. Usingizini niliota nimeshonewa ndani ya ngozi ya ngamia, na mtu kwa nje akiniuliza kama nimeshapata mimba.

Kisha mvua zikakosekana, posho ikapungua, na damu ikakatika kabisa. Mwezi ukapita, ukapita mwingine. Mama mkwe alianza kunibebea maji kutoka foleni, mzee yule, mtungi mgongoni. Majirani wakanipa pongezi za chini kwa chini.

Nilimnong'oneza mume wangu, "Nadhani imefunguka."

"Daktari alisema utakufa," akasema. Ndipo nilipoogopa kweli.

Kutoka langoni kulihitaji ruhusa. Siku ya kwanza askari alinirudisha. Siku ya pili aliniuliza naumwa nini, mbele ya wanaume waliokuwa wakingoja kutoka na mifugo. Nikasema, kwa Kiswahili changu cha sokoni, "Tumbo. Nilibasuliwa." Walicheka jinsi nilivyolitamka neno 'nilipasuliwa'. Siku iliyofuata nilirudi tena, na nadhani alinichoka, akanipandisha kwenye gari la maji lililokuwa likienda mjini.

Hospitalini nilimkuta muuguzi mmoja mwanamke, mtu wa bara. Alinipima tumbo, akalitazama kovu, akaniuliza tunakula nini huko.

"Huna mimba," alisema.

"Basi damu iko wapi? Imejaa ndani?"

"Haijajaa popote, dada. Walichofunga ni mirija miwili, njia ambayo yai la mwanamke hupitia. Kizazi chako kipo palepale, na damu hutoka kwenye kizazi. Mwanamke aliyefungwa huendelea na siku zake kama kawaida mpaka uzeeni."

"Mbona zimekatika?"

"Njaa na hofu. Waulize wenzako huko ndani, wengi watakwambia hivyo hivyo." Akaninunulia chai ya maziwa, nikainywa nikilia.

Nilirudi nikamwambia mama mkwe yote, nimechoka kungojewa. Alisikiliza akimshika mtoto mguu.

"Mwanangu alijua?"

"Alijua."

"Kwa hiyo ni mimi tu niliyefichwa." Hakunisemesha siku nyingi. Maji nilikwenda kuchota mwenyewe. Alipofungua kinywa alikuwa akimwambia mwanawe aoe mke mwingine, naye akamjibu kwa uchungu, "Nitoe mahari kwa ngamia gani, hooyo?"

Mbuzi walipozaa tukapata maziwa kidogo, na damu yangu ikarudi. Mara hii sikuiogopa. Nilifua vitambaa vyake na kuvianika wazi.

Vita vilipoisha tukahamia ukingoni mwa mji, na mume wangu akaoa mke wa pili kwa mahari ya mbuzi. Niliumia, nisidanganye. Harusini nilipika nyama, nikatabasamu kwa wageni, kisha nikajifungia kibandani hadi alasiri. Mke mwenzangu alizaa mvulana, na mama mkwe, mgonjwa tayari, alikaa naye mapajani mchana kutwa bila kumpa mtu. Alipochoka mikono alininyooshea mimi.

"Mshike," alisema. "Umesimama hapo unaangalia nini?"