Lita Zilizopungua kwa Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda juu ya lori la mafuta nikiwa na sketi. Nilitoka Ileje na cheti changu kwenye bahasha, nimejiandaa kwa meza na kiti, kumbe ofisi yenyewe ilikuwa yadi ya kokoto pale Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, na meza yangu ni mgongo wa tenki. Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Afisa Mfawidhi, mtu wa Tanga aliyevaa koti hata saa saba mchana, alinitupia ovaroli lililonizidi kimo. "Binti, huku hatupimi nguo, tunapima mafuta. Vaa, panda tena." Nikavaa, nikapanda.

Ninyi vijana mnaopima kwa mashine mtanivumilia. Kazi ile tuliiita kupiga dipu. Unakata lakiri, ile alama ya kufungia tenki, mbele ya dereva, unafungua mfuniko wa chemba, unateremsha kijiti kirefu cha shaba mpaka kiguse chini, unakitoa upesi na kusoma mafuta yameishia alama gani. Ncha yake umeipaka dawa inayogeuka rangi ikikuta maji, maana walikuwepo waliouza mafuta wakajazia maji ya mtoni. Mwisho unatumbukiza kipimajoto. Wengi walikidharau kipimajoto, na kesi yote ninayotaka kuisema ilikuwa humo.

Mafuta huvimba kwa joto na kunywea kwa baridi. Lori likipakiwa Dar es Salaam jua likiwaka, likafika kwetu mwezi wa sita tunapovaa masweta mawili mawili, lita kadhaa zimepungua bila mtu kugusa kitu. Mzigo wa kwenda Zambia au Kongo haukulipiwa kodi yetu, lakini kilichopungua kabla ya mpaka kilihesabiwa kimeuzwa nchini, na kampuni ikatakiwa kukilipia. Kampuni zikaja juu: baridi si wizi, tusamehewe kodi hiyo. Hapo siasa ikaingia. Wapo wabunge waliosema msamaha huo ni tundu la panya, na wapo waliosema tukibana sana malori yatahamia bandari za jirani na Tunduma italala njaa. Hata kwa mama ntilie watu walinyang'anyana maneno mpaka ugali ukapoa.

Mimi nilibaki na fomu zangu. Fomu ya upungufu ilikuwa na nakala mbili. Ya serikali niliijaza yote: kimo, joto, lita, na kwenye safu ya sababu naandika "hali ya hewa". Ya kampuni nilijaza lita, nikasaini, safu ya sababu nikaiacha wazi. Ndivyo nilivyofundishwa, hiyo ni yao, wataimalizia wenyewe. Miaka kumi na mitano sikuwahi kuuliza wanaimalizia kwa maneno gani. Naona haya kuliandika hili, ila ndivyo ilivyokuwa.

Aliyenifumbua macho ni Aloni, dereva wa kampuni moja kubwa. Alikuwa mtu wa Ileje kama mimi, hivyo tukaitana kaka na dada, na mkewe nilimwita wifi kabla hata ya kumwona. Asubuhi moja aliingia yadini kwa miguu, bila lori. Alinipa karatasi mbili: barua ya kumfukuza kazi na ile nakala ya kampuni. Kwenye safu niliyoiacha wazi, mwandiko wa mtu mwingine ulisema: "Wizi wa dereva." Chini yake ilikuwepo saini yangu.

"Dada, mimi niliiba?"

"Hukuiba, kaka. Ilikuwa baridi. Hata kipimajoto kilionyesha."

"Basi waambie."

Lita zilikuwa zile zile. Kwa serikali kampuni ilisema baridi, isamehewe kodi. Kwa Aloni ilisema wizi, ikamkata mshahara na kumfukuza.

Wiki hiyo hiyo kamati ya wabunge ikaja kujionea kabla ya kuamua. Afisa Mfawidhi wa wakati huo, aliyechukua nafasi ya yule mtu wa Tanga, alinichagua nipige dipu mbele yao. Alininong'oneza, "Jibu unachoulizwa, mama. Usitie chumvi." Nikapima, nikasoma kwa sauti. Mwenyekiti wa kamati akauliza, "Haya, mtaalamu, upungufu huu ni baridi au ni wizi?"

"Ni baridi, mheshimiwa."

Mwakilishi wa kampuni akapiga makofi. Nje ya uzio, Aloni naye akapiga makofi, kwa furaha kabisa, akidhani nitaendelea mpaka nimtetee. Maneno yalikuwa mdomoni: basi muulizeni mwakilishi huyu kwa nini wamemfukuza yule pale. Nikayameza. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na nilimwogopa bosi wangu. Nikashuka ngazi.

Jioni nilimwomba Afisa Mfawidhi ruhusa nimwandikie Aloni barua ya kuthibitisha kwamba ilikuwa baridi. Hakuinua kichwa. "Kazi yako ni lita. Ajira za watu zina wenyewe." Sikuandika. Nikawa namkwepa Aloni, nikimwona najificha nyuma ya malori, mpaka akaacha kuja. Nilichofanya ni kuanza kuijaza safu ile kwenye nakala zote mbili. Haikupita miezi mingi nikahamishiwa Chitete kukagua mizani za kupimia ufuta. Barua ilisema ni mahitaji ya kiofisi, na huko ndiko nilikostaafia.

Sasa mjadala wa msamaha umerudi. Redio ikianza kuusoma nazima, dakika mbili nawasha tena, natoka uani, narudi. Mume wangu ananitania kwamba kiti changu kina siafu. Wanabishana kampuni zisamehewe au zisisamehewe, na mimi sina ubishi na yeyote. Nawaambia tu ninyi mlioko kazini: msisaini karatasi yenye nafasi wazi, hata kama mkubwa wenu ndiye aliyewafundisha hivyo.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikaandika ile barua, nikapanda bodaboda mpaka milimani Ileje. Nilimkuta Aloni anapalilia maharage, kichwa cheupe kote. Aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu. Nilitamani anitukane.

"Leseni yangu ilishakufa, dada," akasema. "Lakini nenda ukamsomee wifi yako."

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono, akanikaribisha kwa kicheko, akaniletea kigoda. Nikamsomea: joto, kimo, lita, kwamba mafuta yale hayakuibwa na mtu. Kicheko kilikatika katikati. Akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni.

"Mimi nilijua uliyauza," akamwambia. "Nilijua hela ulikula na mwanamke wa Tunduma. Hata watoto niliwaambia."

Mama yule akakaa chini sakafuni, akalia kidogo, kisha akanigeukia mimi.

"Wifi, miaka yote hii ulikuwa wapi?"



"Nilikuwa kazini," nikamwambia.