Kioo Kilichoshika Mistari

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Nafanya kazi na mjomba wangu kwenye banda lake la kutengeneza televisheni, Ruhuwiko. Mzee mmoja, mchora ramani mstaafu, alituletea mashine ya zamani yenye kioo kama cha televisheni na kibodi chini yake. Alitaka kuchora mto wa kwao Namtumbo kabla macho hayajamwishia nguvu. Mjomba alibadilisha nyaya zilizooza, ikawaka.

Mzee alinionyesha. Unabonyeza herufi kwa mpangilio, mwanga wa kijani unavuta mstari kutoka nukta hadi nukta, na kioo chenyewe kinaushika. Huwezi kufuta mstari mmoja. Ukibonyeza kufuta, kioo kizima kinawaka kama radi, yote inaondoka. Ukiiacha kidogo, picha inafifia mpaka uguse kibodi.

Alijaribu mistari michache, akasema atarudi jioni kuuchora mto.

Mjomba akaona picha inafifia. "Ugonjwa ndio huu."

"Mjomba, nadhani imetengenezwa hivyo."

"Umekuwa fundi lini wewe?"

Kubishana siwezi. Akatafuta waya unaofifisha, akaukata. Picha ikabaki kali. Halafu akaiacha ikiwaka kutwa, kama tunavyofanya kwa kila televisheni, tuone kama ugonjwa utarudi.

Jioni mzee alikuja. Tukamwamkia, akaketi, akabonyeza kufuta. Kioo kikawaka, lakini mistari ya asubuhi ikabaki. Akabonyeza tena na tena.

"Ilikuwa inafifia ili kioo kisiungue," alisema. "Mmekiunguza."

"Mzee wangu, televisheni zote tunazipima hivyo."

"Mwanangu, hii ni televisheni?"

Mjomba akautazama waya alioukata. Mzee akauchora mto hivyo hivyo. Ukaingiliana na mistari ile, hata yeye akashindwa kuufuata kwa kidole.

Mashine bado iko mezani. Mjomba anasema kioo kingine kisipopatikana ataivunja auze shaba. Nimeuliza kwa mafundi wote wa mjini, wananicheka. Kila Jumapili mzee anapita akitoka kanisani, anauliza, nami namjibu, "Bado, babu." Nimechoka na neno hilo.

Mwenye kioo cha namna hii, au anayejua kilipo, naomba aniandikie. Hata kama ni kusema havipo tena, niandikieni, nimwambie mzee.