Chumvi Ndani ya Sabuni ya Sukari

Sikusoma chuo. Kemia nimejifunza kwenye simu, jikoni kwa mama huku Kamuli, nikirudia ukurasa mmoja mpaka chaji iishe.

Nilianza kwa sababu ya mikono ya mama. Anaosha madumu na vibuyu vya maziwa kwa jirani zetu wafugaji. Wenyewe hawataki harufu ya jana ibaki chomboni, kwa hiyo anasugua sana, na sabuni ya kawaida ilimpasua vidole mpaka damu.

Ndipo nikasoma habari za sabuni itokanayo na sukari. Sabuni ikiingia majini, chembe zake hujikusanya kuwa vitufe vidogo mno viitwavyo miseli: mikia inayopenda mafuta ndani, vichwa vinavyopenda maji nje. Vichwa vikiwa vya sukari, hushikana na maji yaliyo karibu, na maji hayo hupunguza mwendo, kama ng'ombe waliofika penye majani mabichi. Sabuni ya namna hiyo haikwangui ngozi sana. Nilisoma hayo nikalia, sijui kwa nini.

Malighafi ilikuja na basi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyeipokea mjini Kayanga na ndiye aliyeuza sabuni sokoni. Mimi naogopa watu; yeye anaongea na yeyote.

Tatizo lilikuwa wepesi wa sabuni yenyewe. Wateja walimcheka dada: "Hii sabuni au maji ya kuoshea wali?" Nikatia chumvi, kama wafanyavyo watengeneza sabuni wote. Haikuganda hata kidogo. Nikasoma tena, nikaelewa. Vichwa vya sabuni ya kawaida vina chaji ya umeme na husukumana. Chumvi huvituliza, vitufe vinarefuka na kusokotana, sabuni inakuwa nzito. Vichwa vya sukari havina chaji, chumvi haina cha kutuliza. Nilimweleza dada yote hayo kwa furaha.

"Wewe na vichwa vyako," alisema akicheka.

Mikono ya mama ikapona. Kisha, baada ya dada kuleta dumu jipya la malighafi, ikaanza kupasuka tena.

Nilijua nimekosea. Mimi huwa najua nimekosea. Nilipima upya, nikachemsha maji upya, nikamwaga, nikaanza tena. Nilishindwa kula. Dada alikaa kwenye stuli yake pembeni yangu akimenya ndizi.

"Mdogo wangu, unajiumiza bure. Labda ni hilo jua tu."

Aliniletea chai. Alinipapasa mgongo.

Mwishowe niliamua kurudia kila jaribio tangu la kwanza, hata lile la chumvi. Nilichota kikombe cha sabuni niliyotengeneza kwa malighafi ya dumu lake, nikatia chumvi kidogo, nikakoroga. Kijiko kikaanza kuwa kizito. Sabuni ikawa kama uji: chumvi ilikuwa imepata cha kutuliza.

Nilikaa pale pale nikimsubiri dada.

Alipoingia na chai nyingine nilimwonyesha kikombe. Hakuuliza ni nini.

"Watu wanataka povu na uzito," alisema. "Hii ya kawaida wanaipenda. Sukari yako hakuna aliyeitaka."

"Na mama?"

"Nilidhani hataona tofauti."

"Mimi je? Uliniona nikimwaga. Uliniona silali."

Aliangalia mlango. "Ningekwambia, ungenielewa wewe?"

Akachukua kanga yake akatoka. Chai aliyoniletea ilikuwa bado ya moto.

Jioni mama alirudi, akakaa kwenye jamvi na kuninyooshea mikono. Nilimpaka samli polepole, kidole kwa kidole, nikikwepa penye nyufa.

"Umeona ulipokosea?" aliuliza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kunisamehe.

Maisha yangu yote nilitaka kulisema neno hili.

"Sikukosea, mama."

Akaniangalia usoni, akisubiri nifurahi. Kisha akaangalia stuli ya dada, na maganda ya ndizi yaliyobaki chini yake, na vidole vyake vikajikunja mkononi mwangu.