Kondoo anayempiga teke mwanawe: tulimsingizia jirani jicho, mtoto akatutoka

Wakuu, poleni na majukumu. Vijana, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa, maana nimevuka themanini. Ninayoandika hapa sikuhadithiwa, yalinikuta mie.

Jana nimesoma uzi wa mtu anauliza kwa nini kondoo wake anampiga teke mwanawe akitaka kunyonya. Wajuaji mkamjibu: husuda hiyo, mfunge kitambaa chekundu.

Nikachemka! Hebu nisikilizeni.

Enzi za Mwingereza sie tulikaa Vingunguti. Siyo hii ya machinjio na nyumba zilizobanana. Ilikuwa mihogo, minazi, na nyumba mojamoja.

Dada yangu alifariki kwa uzazi, akatuachia kichanga, Salumu. Mama alikuwa na kondoo wawili wenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yanamlea. Mkamuaji mie, binti wa miaka kumi na sita.

Siku moja jirani yetu Bi Zuhura, mtu wa Kusini, akapita akasema, "Alaa, kiwele hicho!"

Hakusema mashallah.

Siku ya tatu kondoo mkubwa akawa anatembea kaitanua miguu ya nyuma. Mwanawe akisogea, teke. Nikamshika kiwele: upande mmoja umekakamaa, una moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Maziwa yakatoka majimaji, yana mabonge.

Mama akasema, "Zuhura huyo. Katupiga jicho."

Maneno yakamfikia Bi Zuhura, akaja mwenyewe. "Mwenzangu, huo ugonjwa, kwetu tunaujua. Mtenge. Kila asubuhi kamulia kwanza kwenye kaniki, mabonge utayaona juu ya weusi. Mgonjwa akamuliwe mwisho, na mikono ioshwe."

"Toka uani kwangu, mchawi we! Ukikanyaga tena hapa utanitambua."

Akaondoka zake.

Sasa oneni ujinga wangu. Nilimhurumia mgonjwa, nikawa namkamua yeye kwanza apunguze maumivu. Kisha naenda kwa mzima na mikono ileile, na kitambaa kilekile cha kufutia chuchu. Mama alishamvalisha yule kondoo mgonjwa hirizi shingoni, basi tukaona tumemaliza kazi.

Haikupita wiki, yule mzima naye akakakamaa. Wa kwanza kiwele kikawa cheusi, cha baridi, akafa.

Salumu tukampa uji mwepesi wa muhogo. Tumbo likamharibikia.

Na Bi Zuhura alikuwa na mbuzi anayekamuliwa! Tulikuwa tunamsikia akilia ng'ambo ya mihogo. Nikamwambia mama, "Niende nikaombe?"

"Maziwa ya mchawi? Thubutu!"

Sikwenda. Hapo ndipo panaponiuma, wakuu. Miguu nilikuwa nayo, na njia niliijua.

Salumu alikata roho asubuhi, mgongoni kwangu. Nilikuwa natwanga, nikidhani kalala.

Wa kwanza kufika msibani alikuwa Bi Zuhura. Ndiye aliyemwosha mtoto. Mama alishindwa hata kumtazama usoni.

Alipomaliza akanivuta pembeni. "Mwanangu, maziwa nilikuwa namwaga. Kila asubuhi naangalia njia, nasema leo atakuja na kikombe."

 

Basi wewe mwenye uzi wa jana, kitambaa chekundu tupa. Mshike kondoo kiwele leo hii. Kikiwa kigumu, kina moto, au maziwa yana mabonge, mtenge, mkamue mwisho, osha mikono, na maziwa yake asinywe mtu. Daktari wa mifugo mwite leo, usisubiri Jumatatu. Mwanakondoo mtafutie maziwa kwingine, maana njaa haingoji mzazi apone.

Wenye uzoefu, karibuni mchangie, na nilipokosea mnikosoe.

Ila kama kuna jirani uliyemnunia, comment yako itasubiri. Kampigie hodi kwanza.