Gari Iliyokatazwa Kuguswa na Mwanamke

Mwaka ule tulikula sombe bila chumvi. Wajukuu wakiniuliza tarehe nawaambia sikusoma vya kutosha, lakini ulimi wangu unakumbuka. Chumvi ilitoka Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, nao mpaka ukafungwa, na sombe ikabaki majani ya muhogo tu, kama chakula cha mbuzi. Tulikuwa na uhuru wa miaka minne, na waasi walikuwa wameishika Uvira.

Tulikaa Kasenga, mtaa wa mjini humo. Mume wangu alikuwa fundi wa magari, aliyefundishwa kazi na Wazungu wa pamba kule bondeni Ruzizi. Mikono yake ilinuka mafuta ya injini hata kanisani. Wake wa makarani walijivunia kalamu za waume zao. Minye nilijivunia ile harufu.

Mkubwa wa waasi alijitwalia gari ya mbio ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbilia ng'ambo. Ilikuwa nyekundu, ya watu wawili, haina paa, fupi kama mbwa aliyelala. Kelele yake ilizidi mwendo wake. Siku aliyoitoa kwenda Kiliba ilichemka njiani, moshi mweupe ukatoka mbele, akarudi mjini akisukumwa na askari wake mwenyewe. Watu walicheka ndani ya nyumba, milango ikiwa imefungwa.

Kesho yake waliisukuma mpaka uani kwangu.

"Fundi," mkubwa akasema, "gari iko na homa. Leo jioni narudi. Ikichemka tena, tutajua ni weye unaiharibu."

Fundi wa baiskeli wa mtaa wa pili alikuwa ameambiwa maneno kama hayo kuhusu lori. Walimpeleka mtoni, na mke wake bado alikuwa akimwekea chakula.

Na kulikuwa na jambo jingine. Waasi waliogeshwa dawa na mganga wao ili risasi zigeuke maji. Aliyeogeshwa haguswi na mwanamke, la sivyo dawa inakufa. Gari nayo ilikuwa imepewa dawa, ikahesabiwa mpiganaji. Basi nilifagia ua wangu mwenyewe nikiizunguka kama mtu anayekwepa nyoka.

Nilikaa mlangoni nikitwanga sombe na kumtazama mume wangu. Alifungua kifuniko cha injini. Mkanda unaozungusha feni ulikuwa umekaza vizuri. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua katikati ya vidole: haikuwa nyeupe kama maziwa, basi maji hayakuwa yakiingia ndani ya injini. Akaiwasha, akangoja. Feni ilizunguka vizuri, na mshale wa joto ukapanda vilevile. Hapo akashika mpira wa juu, ule unaopeleka maji kwenye radiyateri yakapoe. Alirusha mkono kama aliyeshika kaa la moto. Akashika mpira wa chini. Mkono ukakaa pale, ukatulia.

"Juu moto, chini baridi," akasema. "Maji haishuke. Iko kitu imeziba."

Akazima, akaiacha ipoe, akaomba beseni. Nikalisukuma kwa fimbo ya ufagio, nisisogee. Alipofungua chini ya radiyateri, maji yalidondoka tone kwa tone, ya kijani, yenye majani yaliyopondwa na majivu. Akapafunga tena, tukatazamana. Mganga alikuwa amemimina dawa humo ndani, nayo ikavimba kama uji, na hakuna aliyethubutu kuimwaga wala kusema ndiyo iliyoziba.

Mume wangu alichuchumaa kando ya beseni. Kisha akasema bila kuinua macho:

"Mama watoto, useme uliigusa. Tutasema dawa imekufa, lazima imwagwe. Hapo nitaiosha vizuri."

"Na minye?"

"Watakuchapa fimbo kidogo. Mwanamke hawamuue."

"Uliwauliza?"

Akainamia radiyateri. Nikamwambia: "Sikuigusa, na sitasema niliigusa."

Nisijifanye mtakatifu. Nilijua kwamba nikikubali, kesho risasi ikimpata mmoja wao watauliza ni mwanamke gani wa Kasenga amemgusa, na watampata tu. Lakini kwanza nilikasirika. Mwanaume niliyejivunia mikono yake alitaka kujificha nyuma ya kitenge changu.

Jioni mkubwa alikuja na mganga na kundi la vijana wenye bunduki. Mume wangu akasimama, jasho likimtiririka, na kinywa chake kikasema kile nilichokikataa:

"Komanda, iko mwanamke aliigusa."

Mganga akapiga makofi. "Nilisema! Harufu ya sombe iko mpaka kwa magurudumu!"

"Sombe bila chumvi haina harufu, muzee," nikasema. Kijana mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

Mkubwa hakucheka. Kabla ya vita alikuwa mwalimu, na mwalimu hupenda kuhakikisha. Akaagiza injini iwashwe. Ilipopata moto akagusa mpira wa juu, akagusa wa chini, akatazama beseni. Nikaona uso wake umeelewa. Akatazama pia wale vijana waliokuwa wakienda vitani na maji yaleyale kwenye ngozi zao. Akanijia karibu, sauti chini:

"Mama, nakuomba. Sema tu ndiyo. Sitaacha wakupige sana."

"Sikuigusa, na sitasema niliigusa."

Akasimama mbele yangu kama mtu aliyesahau somo lake. Kisha akageuka, akasema kwa sauti kubwa kwamba dawa ya gari imezeeka na itawekwa nyingine, na kwamba fundi amesingizia mwanamke. Mkono wa kuume wa mume wangu waliuweka juu ya ubavu wa ile gari, wakaupiga kwa kitako cha bunduki. Halafu wakamwambia amalize kazi.

Aliimaliza kwa mkono mmoja. Alisukuma maji safi kutoka chini kwenda juu, mpaka yakatoka meupe. Gari iliondoka bila kuchemka.

Nilimkalisha kwenye kiti, nikauweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu. Vidole viwili havikukunjika tena. Mpaka uzee wake alishika spana kwa kushoto. Alikuwa hai. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na bado naona aibu iliyochanganyika na hasira, sijui ipi ni ya nani.

"Neno moja tu," akasema. "Ungesema ndiyo, huu mukono ungekuwa muzima."

Nikakamua kitambaa. Pengine alisema kweli.

"Dawa mpya itaziba tena," akasema. "Watairudisha. Watakuuliza tena, mama. Safari hii utasema?"

"Sikuigusa, na sitasema niliigusa."