Bima ya Mtu wa Tatu

Mimi ni mtu wa bara, natunza boti ya matembezi ya tajiri mmoja hapa Diani. Aliponituma nikachague bima, nilichukua ya mtu wa tatu kwa kuwa ilikuwa rahisi, nikarudi kifua mbele.

Siku ya kwenda Mkwiro, nilihakikisha mke wa tajiri anapanda wa tatu.

"Mama, wewe ndiye mwenye bima," nikamwambia. "Sisi wengine tumtegemee Mungu."

Nahodha, Mzee Bakari, akazima mashine. "Mwanangu, mtu wa tatu ni yule tutakayemgonga. Boti hii na sisi sote hatumo. Alhamdulillahi umesema tungali ufukweni."

Mama alicheka mpaka machozi, kisha akasema, "Haya, teremkeni, tukabadilishe."

Nilishuka wa kwanza, na Mzee Bakari aliposhuka nikambusu mkono kwa heshima, kama wafanyavyo watu wa pwani, mbele ya watu wote.