Kopo la Maganda ya Balungi

Mtaa mzima ulimwita Bi Maganda, na aliyempachika jina hilo ni mumewe mwenyewe, fundi cherehani. Alikuwa akiwalalamikia wateja kwamba kwake balungi huliwa na wageni, yeye mwenye nyumba analishwa ganda. Wateja walicheka, na nyuma ya pazia mkewe naye alicheka, kisu mkononi.

Bi Maganda hakutupa ganda la balungi hata siku moja. Alilikata vipande vyembamba, akavianika kwenye ungo juu ya kabati la vitambaa, kisha akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila alasiri alimchemshia mumewe kikombe kimoja, kichungu kama shubiri, akasimama pale pale mpaka kiishe. Alisema kinalainisha mishipa. Suruali za watu zilitoka mle kibandani zikinukia balungi, na fundi hajapata kuwa na raha kama ya siku zile, cherehani inalia na mke amemsimamia kichwani.

Kisha mkewe akafariki, akaacha kopo moja limejaa. Fundi aliendelea kunywa peke yake, uso ukimkunjamana vilevile, ingawa hakuwepo tena wa kumkodolea macho.

Msiba ulimletea presha, akaandikiwa vidonge. Haukupita muda akaanza kuona kizunguzungu, mara mbili nusura aanguke akipima wateja. Binti yake, anayefanya kazi duka la dawa, alikuja akamuuliza vidonge anavimezea nini. Fundi akamwonyesha kikombe.

"Mama hakukosea, baba," binti alisema. "Ganda lina viini vinavyosaidia mishipa, pengine kuliko hata maji ya tunda. Ila balungi na dawa yako hii havipatani. Mwili unashindwa kuivunja, inajaa kwenye damu, presha inashuka mno."

Fundi aliahidi kuacha, na kopo akasema atalitupa. Kizunguzungu kilikwisha kweli.

Alasiri moja alisikia viatu vya binti yake mlangoni, wala hakupata nafasi ya kuficha sufuria iliyokuwa ikichemka. Binti hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja akalikamata kopo.

"Baba, unataka nikuzike na wewe?"

"Sinywi, mwanangu. Nachemsha ninuse, halafu namwaga. Hilo kopo likiisha, sina pengine pa kumpata mama yako."

Binti huyu ndiye aliyehangaika na kila kitu wakati wa msiba, sanda, wageni, vyakula, na hakuna aliyemwona akitoa chozi. Sasa aliketi kwenye benchi la wateja, kopo amelipakata, mvuke ukimfikia usoni. Fundi aliogopa kumtazama.

"Ongeza maji, baba," binti alisema hatimaye. "Maganda yasije yakaungua upesi."